Baba Mdogo na Gari Lililokaa Kitako

Baba mdogo wangu anauza mawese pale Mwanga, Kigoma mjini. Ukimuuliza kwa nini alinunua gari la kifahari akaacha Land Cruiser, atakujibu kwa swali: "Wewe ulishaona wapi askari wa barabarani anasimamisha gari, kioo kinashuka, kisha yeye ndiye anaomba radhi?"

Jina la kampuni silitaji, nina watoto wa kulea. Jueni tu ni gari refu, jeusi, viti vya ngozi, mlango ukifungwa hausikiki. Wenzetu wa Ulaya na Japani hulikimbia mara dhamana inapoisha, kwa sababu wanajua kinachofuata. Bei inaporomoka, na likifika huku unalipata kwa pesa ya Toyota ya kawaida. Hapo ndipo watu wananasa. Bei ya gari imezeeka, lakini bei ya spea bado kijana.

Sasa mdogo wangu akapata mchumba huko Kasulu, na ukoo ukakaa kupanga nani apeleke mahari na kwa usafiri gani. Mshenga, mzee mwenye akili zake, akashauri tukodi Land Cruiser mkonga. Njia ile tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 imezoea magari ya namna hiyo, na hata likiharibika kila kijana anajua pa kugonga. Baba mdogo alimtazama kama katukanwa. "Twende kuoa au kugawa mahindi?"

Tukaenda na jeusi. Niseme haki, lami yote hadi Kasulu raha ilikuwa kubwa. Kiyoyozi baridi mpaka shangazi akajifunika khanga mbili. Tatizo lilianza tulipoacha lami kuingia kijijini kwa wakwe. Gari lile halina springi za chuma. Limekaa juu ya mipira minne iliyojaa hewa, na kuna pampu ya kuijaza. Mipira ikizeeka inapata nyufa, hewa inavuja, pampu inahangaika kufidia mpaka inaungua. Kwenye kila shimo nilisikia kitu kinalalamika chini ya kiti changu. Baba mdogo akaongeza sauti ya redio.

Ukweni tulipokelewa kwa vigelegele, gari likaegeshwa katikati ya uwanja, sisi tukaketishwa sebuleni. Mshenga akaanza kama ilivyo desturi: sisi ni wanyonge, tumekuja mikono mitupu, tunaomba tufikiriwe. Mzee mwenye nyumba akanyanyuka polepole, akaenda dirishani, akachungulia nje kwa muda.

"Vile viti vya ngozi," akasema, "vimechuna ng'ombe wangapi?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi kwenye wale mliotaja, ongezeni wanne."

Mshenga alikuwa bado anatafuta maneno tuliposikia kutoka uwanjani: pshhhhhhh. Baba mdogo akakohoa kwa nguvu kuifunika ile sauti. Ikaendelea. Akakohoa tena, shangazi akampa maji. Nje watoto wakapiga kelele, "Linakaa! Linakaa!"

Tulitoka wote. Gari lilikuwa linashuka nyuma kwanza, taratibu, kama bibi anayepapasa kigoda. Kisha mbele. Matairi yakapotelea ndani ya madigadi, tumbo likagusa ardhi, na kutoka uvunguni ikasikika sauti ya kuku. Alikuwa amejificha jua humo na vifaranga vyake. Vifaranga vilichomoka, mama yao akabaki kichwa nje, anatukana kwa lugha yao.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia baba mdogo. Hakutetereka. Akawageukia wakwe, mkono kifuani: "Gari hili likifika ukweni, linapiga magoti."

Walipiga makofi! Na si kwamba alidanganya kabisa, kwa kuwa magari ya aina hiyo yana kitufe cha kulishusha ili mtu apande bila shida. Ila lililoshushwa kwa kitufe hupanda tena. Baba mdogo akabonyeza, pampu ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maandishi ya Kijapani, na kijiji kizima hakuna aliyeweza kutusomea. Fundi akaja na bodaboda, kabeba jeki. Jeki haikupata pa kuingia. Kuku tulimtoa kwa kuchimba.

Bibi mmoja wa upande wa wakwe akauliza, "Hivi meli ya Liemba si waliizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na ikarudi kubeba watu? Hili limezama nchi kavu, nani ataliopoa?"

Mzee mwenye nyumba hakucheka. Alimvuta mshenga pembeni, na mimi nilikuwa karibu, nikamsikia: "Wale wanne waache. Kumbe mna mgonjwa nyumbani."

Tulirudi Kigoma kwa mchomoko, tumebanana, shangazi kapakata begi la mtu asiyemjua. Wanaosema kununua gari lile ni ujinga wanapiga hesabu ya kilomita. Baba mdogo anapiga hesabu ya kufika, na njia nzima alikuwa anasimulia yale makofi.

Mipira ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi baada ya wiki kadhaa. Huku nyuma mkwe alikuwa amehamishia kiti chake ubavuni mwa gari. Wageni anawapokelea hapo, anafungua mlango kidogo wanuse ngozi. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa mbali sasa wanaingia mpaka uwanjani. Wamemchagua mwenyekiti wa kamati ya kisima, na gari halijasogea hata hatua.

Tulipompigia simu kwamba fundi yuko njiani, akasita.

"Mna haraka gani? Binti yangu mdogo naye anakuja kuposwa mwezi ujao. Liacheni, hao watu nao walikute."

Baba mdogo akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akauliza kwenye hao ng'ombe yeye atapata wangapi.