Nyumba zilitangulia televisheni

Makala ninayoijibu hapa inaipa televisheni sifa zote za kubadili ununuzi wa Wamarekani baada ya Vita Kuu ya Pili, ilhali nyumba ndizo zilizotangulia. Sheria ya mwaka 1944 iliwadhamini askari waliorejea kutoka vitani wapate mikopo ya nyumba, na kuanzia 1947 kampuni ya Levitt and Sons ikajenga kitongoji cha Levittown, jimboni New York, chenye zaidi ya nyumba 17,000 zilizokaribia kufanana, ambako kuishi bila gari kulikuwa taabu. Mwaka 1950 baadhi ziliuzwa zikiwa na televisheni iliyojengewa ndani, yaani mnunuzi alilipia matangazo ya biashara kwa mkopo wa nyumba! Ajabu zaidi, mwandishi wa makala hiyo hakugusia kwamba Wamarekani weusi walizuiwa kununua humo.