Hospitali za umma wasipewe wawekezaji

Kuna mwandishi anayesema hospitali za umma hapa Kenya zikabidhiwe wawekezaji, eti penye faida pana nidhamu. Nakataa kabisa. Sukari ikipanda bei unaweza kungoja au kujaribu duka la pili. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku huko Kayole, Nairobi, atangoja nini? Anaingia mlango ulio karibu, na bei atakayotajiwa ndiyo hiyo hiyo.

Jirani yangu alipelekwa hospitali moja ya binafsi akitapika damu. Kabla hata hajapimwa presha, mkewe alitumwa dirishani kulipa amana. Tulisimama pale tukipigia watu simu, kila mmoja akituma alichonacho kwa M-Pesa, naye amelazwa tu kwenye benchi. Na Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura!

Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao. Pumwani ni ya umma, jamani. Ikiwa ada peke yake ilileta hayo, mwenye hisa anayedai gawio atatufanyia nini?

Ndiyo, za umma zina shida, unaandikiwa dawa kisha unaambiwa ukanunue nje. Lakini sisi wa mshahara tunakatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya. Pesa hizo zinunue dawa na kuajiri wauguzi kwanza. Anayetaka kliniki ya biashara afungue yake, ila hospitali zetu za umma kama Pumwani na Mama Lucy asizikaribie.