Anatuuzia nyimbo, halafu anatuuza sisi

Mkutano ule nilienda kwa miguu yangu mwenyewe, sikubebwa na fuso, naomba hilo lieleweke mapema. Ilikuwa kipindi cha kampeni 2025, sitasema wapi wala chama gani, ila gari la matangazo lilipita mtaani kwetu toka asubuhi likitaja majina ya wasanii, mgombea akatajwa mwisho kabisa kama vile ndo anawasindikiza. Na kwenye hiyo orodha kulikuwa na mtu mmoja ambaye shoo yake ya mwisho niliikosa sababu ya kiingilio, nikajisemea hii bure, naachaje.

Nilikaa juani toka saa saba. Wanaoandaa hayo mambo sio wajinga, wanatujua vizuri, kwaiyo msanii mkubwa wanamweka mwisho, ukitaka kumuona lazima kwanza umsikilize diwani, mbunge, mwenyekiti wa hiki na katibu wa kile, maana wakimpandisha mwanzo akishuka tu uwanja unabaki na viti na wazee. Basi jamaa akapanda kama saa kumi na moja hivi, akaimba mbili, tena pleibeki, ya tatu akabadilisha maneno, lile jina la mpenzi anayembembeleza kwenye wimbo likatolewa likawekwa la mgombea. Sasa ule wimbo mi niliutumia kumpata mama watoto wangu. Nimesimama pale na kofia ya bure kichwani najiona kama mtu aliyekuta kitanda chake kinapigwa mnada.

Nimekaa na hilo jambo muda mrefu. Maana nikiwa mkweli nilienda bure, nikapewa kofia, nikapewa maji, nalalamika nini? Ila moyo haukukubali na nadhani nimeanza kuelewa kwanini.

Sio kwamba muziki na siasa vimekutana juzi. Mzee wangu ni shabiki wa bendi ya Msondo damu, tena mpaka leo ukitaja bendi pinzani ya Sikinde mbele yake anabadilika sura kama umemtajia Simba. Na hiyo Msondo yenyewe ilianza 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, mshahara wa chama, chama kilivyobadilika jina na bendi ikabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndo baadae ikabaki Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa CCM. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi. Kwaiyo kizazi cha mzee kililelewa na muziki ambao bosi wake ni serikali au chama na nyimbo za kusifu ziliimbwa sana tu. Siku moja nikamuuliza, mzee, nyie mlikuwa hamkereki? Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto, akasema mwanangu, zile za chama tulikuwa tunazitumia kwenda kununua bia, tukirudi ndo gitaa linaanza.

Mama nae alikuwa mtu wa taarabu, wa mipasho ile ya miaka ya tisini, vikundi vya TOT na Muungano vikipambana ukumbi haupitiki. TOT ilikuwa ya CCM wazi kabisa, Kapteni John Komba anaiongoza na nyimbo za kampeni anatunga yeye, baadae akawa mbunge. Mama alikuwa hajali. Alienda kutunza, alienda kuwapasha majirani kwa mdomo wa mwimbaji, akirudi nyumbani hela ya mboga imeisha na hajui hata mbunge wetu ni nani.

Sasa tofauti iko wapi? Mi naona iko hapa. Wale walikuwa waajiriwa na kila mtu alijua. Mpiga besi wa bendi ya chama akiimba chama ni kama konda akiita Mbagala, ndo kazi iliyomuweka pale. Huyu wa leo hakuajiriwa na mtu. Huyu tumemuweka sisi. Tulimsikiliza akiwa hana hata viatu, tukamdaunlodia, tukamuwekea stetasi, tukagombana na washkaji kwenye vibanda vya chipsi nani mkali kati yake na yule mwingine (mliopitia vita za Timu Kiba na Timu Diamond mnajua nasema nini, kuna urafiki ulivunjika kabisa). Nyomi lile likawa ndo mtaji wake. Afu unafika msimu wa uchaguzi analichukua nyomi analipeleka kwa mtu mwingine lipimwe. Kwanza anatuuzia, halafu anatuuza.

Najua mtaniambia braza, kazi ni kazi, jamaa ni mtafutaji ana familia. Nakubali kabisa, tena mi sina shida na yeye kulipwa. Shoo za mlangoni hazina hela ya kueleweka, studio ghali, video ghali, madansa wanataka kula, mtu akiletewa hela ya kampeni anaichukua na hata mimi ningeichukua. Ninachokataa ni ile kuniambia imetoka moyoni. Sema tu nimekodiwa, mbona MC wa harusi anakodiwa na hajifanyi ni ndugu wa bibi harusi. Huku mtaani hao wa kusifu kwa malipo tunawaita machawa na wengine wamelipokea jina wanalivaa kama cheo.

Kuna wasanii ambao nawaheshimu kwenye hili na sio wa upande mmoja. Sugu alivua mambo ya kujificha akagombea, akawa mbunge wa Mbeya Mjini toka 2010 mpaka 2020 kwa Chadema, na 2018 akafungwa miezi 5 kwa kesi ya kumtukana rais Magufuli. Profesa Jay alichukua Mikumi 2015, Chadema pia. MwanaFA akaenda CCM akapata Muheza 2020, na 2023 akawa naibu waziri, tena wa wizara hiyohiyo ya utamaduni, sanaa na michezo. Unaweza usikubaliane nao, mimi mmoja wao siasa zake hazinikai kabisa, ila walichukua fomu na jina lao likakaa kwenye karatasi ya kura, ukimkataa unamkataa yeye. Huyu wa kubadilisha jina la mpenzi kwenye wimbo unamkataa wapi?

Na upande wa pili kuna walioimba ya moyoni yakawakuta. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, kesho yake akaachiwa kwa kauli ya rais Magufuli mwenyewe kwamba wimbo kaupenda na auongeze vionjo. Watu tulicheka sana siku ile, ila ukikaa ukafikiria, mtu analala ndani na anatoka kwa sababu mkubwa kaupenda mdundo, je angekuwa hajaupenda? Haikupita hata mwezi, Aprili mwaka huohuo, rapa Roma na wenzake wakachukuliwa studio na watu wasiojulikana wakaonekana baada ya siku tatu. Toka hapo mi nikiona msanii amekaa kimya simlaumu hata kidogo, kimya ni kimya na kina sababu zake. Namlaumu anayepiga kelele za kukodi.

Turudi kwenye mpira maana ndo nilikojifunza hili somo vizuri. Mi ni Mwananchi, Yanga, watu wa Msimbazi, yani Simba, mnisamehe, sisi tumeanzishwa 1935 nyie 1936, heshima kwa kaka. Rangi zetu ni kijani na njano kwaiyo kila uchaguzi watani wanatuambia nyie hamhitaji fulana za CCM, mmeshavaa. Ila panda jukwaa la mzunguko pale uwanja wa Mkapa uone. Pembeni yangu huwa anakaa mzee mmoja wa CCM wa kufa, nyuma kuna kijana wa Chadema ana mdomo balaa, mbele kuna dada sijui wa wapi, na mpira ukigusa nyavu hakuna anayeuliza kadi, mnakumbatiana mpaka jasho linachanganyika.

Ilipokuja ile habari ya goli la Mama mwanzoni mwa 2023, rais Samia anatoa milioni 5 kwa kila goli kwenye mechi za Afrika, kwetu na kwa Simba, baadae dau likapanda, nilikuwa na hisia mbili. Wachezaji wapate, sawa, nani atakataa. Ila kuna wakati goli linaingia na kabla hujamaliza kushangilia mtu pembeni ameshaanza kupiga hesabu ya milioni, na goli ambalo lilikuwa letu linakuwa la mtu aliyetoa. Labda ni wivu wangu tu. Mwaka huohuo Mei 28 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, tukafungwa 2-1 nyumbani, tukaenda kwao tukashinda 1-0, kombe likaenda kwa goli la ugenini, sitaki hata kuliongelea. Ila siku ile ya nyumbani getini kulikuwa na msukumano ambao sijawahi kuuona, kuna wakati miguu yangu ilikuwa haigusi chini nabebwa na watu, na jioni tukasikia mtu mmoja amefariki na wengine kama 30 wameumia. Nyomi likipigwa picha kutoka juu linapendeza sana. Ukiwa ndani yake ni mbavu za watu.

Au ile dabi yetu na Simba ya Machi 8, 2025. Watu wametoka Mwanza, wametoka Mbeya, wamelala kwenye mabasi, tiketi mkononi, Simba wanasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi kwaiyo hawachezi, bodi ya ligi ikaahirisha, ikachezwa Juni 25 na tukawapiga 2-0. Raha ya ushindi niliipata ila nilimfikiria yule aliyetoka Mbeya Machi.

Lakini mpirani nina kitu kimoja ambacho kwenye mkutano sina. Naweza kuzomea. Nimelipa buku tano yangu ya mzunguko, kocha akikosea sabu nasimama nazomea mpaka sauti inakauka, na mchezaji wangu mwenyewe namzomea na kesho nampenda. Kwenye shoo ni hivyohivyo. Kuna moja niliendaga, sitaji muandaaji, tiketi imeandikwa saa mbili usiku, msanii kapanda saa tisa kasoro, maiki haina sauti halafu wimbo unasikika, yani mdomo kafunga na wimbo unaendelea! Tulizomea vibaya mno mpaka dijei akazima, ikabidi jamaa aimbe kwa koo lake, na niwaambie ukweli aliimba vizuri sana, zilikuwa dakika kumi bora za usiku mzima. Kuzomea kulimfanya awe mwanamuziki. Sasa kwenye mkutano wa kampeni hebu jaribu kuzomea. Zomea uone utaondokaje pale.

Kwaiyo kwangu mi sio suala la CCM au Chadema au nani. Ni kwamba muziki ulinifundisha kuwa ndani ya watu wengi na bado nikawa mimi, napiga kelele nikitaka, nanyamaza nikitaka, naondoka nikichoka. Halafu yuleyule aliyenifundisha ndo ananipeleka mahali ambapo kazi yangu ni kujaza picha.

Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ilivyokuja mnajua wenyewe. Maandamano, risasi, watu wamekufa, Dar tukaambiwa tusitoke nje usiku, intaneti ikazimwa siku kadhaa. Nyumbani tulikaa na redio ya mzee, na redio yenyewe ilikuwa inapiga muziki tu, miziki mizuri, ya raha, kama vile nje hamna kitu. Sijawahi kuchukia nyimbo nzuri kama siku zile. Intaneti iliporudi watu wakaanza kuwaanfolo wasanii waliozunguka na kampeni, mmoja mmoja, wanapiga picha ya simu wanaposti kama ushahidi. Na mimi nikamuanfolo wangu. Nilitegemea nitajisikia mshindi. Nilijisikia kama nimefuta namba ya ndugu.

Kuna washkaji walienda mbali zaidi, kutakiana mabaya, kufurahia watu kuchomewa maduka. Hapo mi simo. Kuacha kusikiliza ndo kuzomea kwetu kwa kidijitali, kumchomea mtu duka ni kitu kingine kabisa.

Mzee aliposikia nimemtoa kwenye simu alicheka. Akasema nyie watoto mnapenda mwimbaji, sisi tulikuwa tunapenda wimbo, ndo maana hamtulii. Sikumjibu maana sikuwa na jibu, na sikubali pia, maana yeye mwenyewe, Gurumo mwimbaji wa Msondo alipofariki 2014, alikaa siku mbili haongei vizuri.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye harusi ya shemeji yangu huku Temeke. Saa sita usiku hivi dijei akaachia ule wimbo, wenyewe, ule wa mama watoto, na jina la mpenzi likiwa palepale linapotakiwa kuwa. Mke wangu akaniangalia. Niliweka soda chini nikasema sitaki, mguu ukawa umeshaanza. Tulicheza mpaka ukaisha, tukarudi kukaa, akaniuliza kwaiyo umemsamehe? Nikamwambia hapana, na kwenye simu bado sijamrudisha.