Nina miaka 53, na nataka posa

Jana jioni nilipanda boti namba 62 hapa Hamburg, ile inayokwenda Finkenwerder. Kila nikiipanda naikumbuka pantoni ya Kigamboni. Mbele yangu walikaa mzee na bibi, wamepita sitini wote. Bibi anachora meli kwenye daftari, mzee anamsomea gazeti, mkono wake umelala gotini kwa mwenzake. Hakuna aliyewatazama. Nilitaka kulia.

Maana mwezi wa 7 nilikaa vivyo hivyo Coco Beach na mtu wangu, tunakula mihogo, na kabla ya magharibi shangazi yangu wa Magomeni akapiga simu: "Mwanangu, umeonekana."

Nimeonekana! Mjane wa miaka 8, wanangu watu wazima, nimeonekana kama mwanafunzi aliyeruka ukuta.

Najua mtakachosema. Kakaa Ulaya, kashika uzungu, anataka kutufundisha mapenzi. Uzungu upi, jamani? Huyo mtu ni mchoraji wa tingatinga, maisha yake yote yapo Dar, na hana mpango wa kuhama. Ni mimi ninayemfuata.

Tena hatufanani hata kidogo. Yeye akishika ubao haachi mahali patupu pa kuweka kidole: tembo, kanga, mbuyu, kisha nukta mpaka pembeni, kwa rangi ileile ya baiskeli aliyoanza nayo Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Mimi ni mtu wa mashairi, tena ya tarbia. Mishororo 4, kila mmoja mizani 16, ikizidi moja silali. Nikimsomea ubeti ananiuliza mbona mambo mengi nimeyaacha nje. Nikiona picha yake namuuliza jicho lipumzike wapi. Tunabishana kwenye simu saa nzima huku anasubiri rangi ikauke, na rangi ile haina haraka. Ningekuwa na miaka 25 ningemkazania afanane na mimi, na ningempoteza. Sasa nasubiri hiyo simu kutwa.

Wala siwasifii wa huku kwa kila jambo. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alifiwa na mkewe, na mimi nilijua baada ya wiki mbili, kwa kuona jina limetolewa mlangoni. Hakuna aliyetandika mkeka. Mimi nilipofiwa, shangazi huyuhuyu ndiye aliyelala nami siku zote za msiba, akinilisha uji kwa kijiko. Jicho lake silikatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mambo haya kwangu yamepita.

Basi shangazi, umeniona, nione mpaka mwisho. Mwezi wa 12 nakuja. Mshenga atafika kwa kaka mkubwa na barua ya posa imefungwa kwenye leso, kama walivyoletewa wadogo zangu. Mkae, mpange mahari, mbishane mpaka usiku. Na asiniulize mtu kama bado nazaa.