Makuli walewale, mabango tofauti

Aprili 23, 1968, makuli wapatao elfu moja wa bandari ya London waliacha kazi wakaandamana hadi Bungeni kumuunga mkono Enoch Powell. Siku tatu kabla, mbunge huyo wa chama cha Conservative alikuwa ametoa hotuba mjini Birmingham akionya kuwa wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola wataiingiza Uingereza kwenye maafa. Kiongozi wa chama chake, Edward Heath, akamtoa kwenye baraza kivuli la mawaziri, na makuli wakaona ameonewa.

Rudi nyuma miaka 32. Oktoba 4, 1936, makuli wa mashariki ya London, wengi wao wenye asili ya Ireland, walisimama na mafundi cherehani wa Kiyahudi katika mtaa wa Cable Street. Waliziba njia kwa lori lililopinduliwa na samani za majumbani ili mafashisti wa Oswald Mosley wasipite, ingawa polisi maelfu walikuwa wameletwa kuwapitisha. Kisha nenda mbele, Julai 11, 1977: bango la wawakilishi wa makuli wa Royal Docks lilikuwa mbele ya umati wa watu wapatao 20,000 waliofika Willesden kuwaunga mkono wanawake waliovaa sari, wagomaji wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick.

Kazi ni ileile, mji ni uleule. Hizo picha tatu ndizo zinazonifanya nisimwamini mtu yeyote anayesema anajua moyo wa mfanyakazi kuhusu mgeni.

Na wasemaji ni wengi, hasa tangu mwaka 2024. Julai 29 mwaka huo wasichana watatu waliuawa Southport, mji wa kaskazini mwa England. Uongo ukaenea mtandaoni kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti, kumbe ni kijana aliyezaliwa hapohapo Uingereza, mjini Cardiff, Wales. Misikiti ikashambuliwa, na hoteli zilizowahifadhi waomba hifadhi zikavamiwa. Agosti 7, maelfu ya watu walijaa barabarani Walthamstow, London, na katika miji mingine kuyakataa hayo. Tangu hapo hoja zimekuwa mbili. Upande mmoja unasema: mmewaona wafanyakazi wa Uingereza, ubaguzi uko damuni mwao. Upande wa pili unajibu kwamba mfanyakazi kwa asili ni ngome dhidi ya ufashisti, na waliofanya ghasia ni wahuni waliopotoshwa tu. Wa kwanza unawatukana watu. Wa pili unawapamba, na kwa maoni yangu unatudhuru zaidi, maana unatufundisha kusubiri jambo lisilokuja lenyewe.

Historia haiwapambi. Katika miaka ya 1890 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, TUC, lilipitisha maazimio ya kutaka wageni wazuiwe, na waliolengwa ni Wayahudi waliokimbia mateso katika himaya ya Urusi. Mwaka 1895 wanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Kiyahudi walijibu kwa kijitabu, wakieleza kuwa wao nao wanapigania saa chache za kazi na ujira bora, na kwamba adui wa fundi Mwingereza si fundi mwenzake. Hawakusikilizwa. Sheria ya kuwazuia wageni ilipita mwaka 1905.

Lakini mwaka 1912 mambo yalichukua mkondo mwingine. Mafundi cherehani wa Kiyahudi waligoma na kushinda wakati makuli wa London walikuwa bado kwenye mgomo wao, njaa imeingia majumbani. Familia za Kiyahudi, zenyewe maskini, ziliwachukua watoto wa makuli zaidi ya 300, zikawalisha na kuwavisha. Mtoto wa miaka minane aliyekula kwenye meza ile mwaka 1912 alikuwa mtu mzima wa miaka 32 siku ya Cable Street. Sidai kwamba kila aliyesimama pale alikuwa mtoto yule. Nasema tu kwamba umoja wa 1936 ulikuwa na mizizi ya miaka mingi, na mizizi hiyo ilikuwa ya chakula na ujira kabla ya kuwa ya siasa.

Cable Street husimuliwa kana kwamba ilimaliza kazi. Haikumaliza. Juma moja baadaye maduka ya Wayahudi yalivunjwa katika barabara ya Mile End, na Machi 1937 chama cha Mosley kilipata zaidi ya kura moja kati ya tano katika sehemu ya Bethnal Green kwenye uchaguzi wa baraza la London. Phil Piratin, mkomunisti wa Stepney, mashariki ya London, alisimulia kilichofuata. Familia zilipotishiwa kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya kodi, wakomunisti walikwenda kuzitetea, na kati yao zilikuwemo zenye wanachama wa Mosley. Walizuia zisitolewe. Wale wanachama wakachana kadi zao. Mwaka 1945 Piratin alichaguliwa kuwa mbunge. Kufunga barabara kulimzuia Mosley kupita, lakini kilichomnyang'anya watu ni lile suala la kodi ya nyumba.

Sasa tuwatendee haki makuli wa 1968, maana ni rahisi kuwalaani na kuendelea na safari. Bandari yao ilikuwa inabadilika chini ya miguu yao. Ajira ya kutwa, ile ya kusubiri kila asubuhi kama utachaguliwa au la, ilifutwa mwaka 1967, na makontena yalikuwa yanaingia, na kila kontena lilipunguza mikono iliyohitajika. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini hakuna mhamiaji wa Karibea aliyeleta kontena, na makuli weusi walikuwa wachache mno katika bandari ambako baba alimrithisha mwana kazi. Powell aliipa hofu yao sura ya mtu, na wenye wajibu wa kuieleza hofu hiyo kwa majina yake halisi hawakuwahi kufika kabla yake. Miaka mitano nyuma, Bristol, kampuni ya mabasi ilikuwa imekataa kuwaajiri makondakta weusi huku tawi la chama cha wafanyakazi likiafiki. Ilibidi vijana weusi na mwanaharakati Paul Stephenson waongoze mgomo wa abiria hadi zuio hilo likaondolewa Agosti 1963. Chama kinachomfungia mlango mwenzako kazini hakiwezi kesho yake kumjibu Powell.

Kuna hoja nyingine ambayo watu wetu wa mrengo wa kushoto hawapendi kuigusa: kwamba anayelalamika kuhusu uhamiaji huenda anaeleza hali yake ya kweli. Utafiti wa wachumi Dustmann, Frattini na Preston, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kuwa kwa ujumla uhamiaji uliinua mishahara Uingereza kidogo, ila kwa walio chini kabisa kwenye ngazi ya mapato uliishusha kidogo. Ni kiasi kidogo, lakini kimeangukia penye mfuko mwepesi. Kumwambia mfagiaji au mbeba mizigo ghalani kwamba uchumi wa taifa umenufaika ni kumwonyesha sahani ya jirani. Na nyumba? Barking na Dagenham, mashariki ya London, ilikuwa na kiwanda cha Ford kilichowahi kuajiri watu wapatao 40,000. Uundaji wa magari ulikoma pale mwaka 2002. Nyumba za halmashauri zilikuwa zikiuzwa tangu sheria ya mwaka 1980 bila kujengwa nyingine za kutosha kuziba pengo. Mwaka 2006 BNP, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kilipata viti 12 katika halmashauri hiyo kwa kusema kwamba nyumba wanapewa wageni. Ulikuwa uongo uliosimama juu ya uhaba wa kweli. Vyama vya wafanyakazi na wakazi waligonga milango mmoja mmoja, na mwaka 2010 BNP ilipoteza viti vyote 12. Foleni ya nyumba, hata hivyo, ilibaki.

Tukio ninalolirudia kila nikitaka kupima hoja hizi ni la mwanzoni mwa 2009, kwenye mtambo wa kusafisha mafuta wa Lindsey, Lincolnshire. Kazi ya ujenzi ilipewa kampuni ya Italia iliyokuja na wafanyakazi wake. Wenyeji waligoma, na mabango ya kwanza yalibeba maneno ya Waziri Mkuu Gordon Brown ya mwaka 2007: kazi za Waingereza ziwe za Waingereza. BNP ilifika haraka kuwachota. Wengi tuliosoma habari zile tuliona ubaguzi tupu. Lakini kamati ya mgomo iliandika madai mengine: mkataba wa kitaifa wa ujira uheshimiwe kwa kila mtu pale, na wafanyakazi wageni wasaidiwe kujiunga na chama. Watu wa BNP wakafukuzwa langoni. Makubaliano yakawapa wenyeji kazi 102 na Waitaliano hawakufukuzwa. Lalamiko lilelile lililoanza kama chuki lilimalizika kama dai la ujira, kwa sababu palikuwa na watu waliokaa usiku kucha wakibishana na wenzao badala ya kuwasusa.

Sitaki nieleweke kwamba chama ni dawa ya kila kitu. Grunwick ilishindwa. Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, na wenzake, wengi wao Waasia waliotoka Afrika Mashariki, waligoma Agosti 1976 wakidai chama chao kitambuliwe. Wasambaza barua wa Cricklewood walikataa kubeba barua za kiwanda hicho, na wachimba makaa ya mawe wa Yorkshire walikuja kwa mabasi Juni 1977. Kisha viongozi wa juu wakalegea. Desai alifunga kula mbele ya ofisi za TUC, akasema msaada wao ni asali kwenye kiwiko: unaiona, unainusa, lakini huwezi kuilamba. Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila ushindi. Mwaka 1979 National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichopinga wahamiaji, kilianguka vibaya kwenye uchaguzi, na wapinzani wake walistahili sehemu ya sifa hiyo. Sehemu nyingine, tukubali, ilitokana na Margaret Thatcher, kiongozi wa Conservative, kuyachukua maneno ya uhamiaji na kuwahamisha wapiga kura wale kwake.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo kuhusu Agosti 7, 2024. Nilifurahi kuuona umati ule. Lakini mwezi mmoja kabla, Julai, Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji, kilikuwa kimepata kura milioni 4.1 katika uchaguzi mkuu, na kura hizo hazikupungua kwa sababu Walthamstow ilijaa watu. Mwaka 1979 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 13. Sasa ni kama nusu ya hapo, na katika sekta binafsi ni takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanane. Kijana wa ghalani anayeambiwa kuwa mgeni ndiye anayemshushia ujira hana mwakilishi wa kumpinga msemaji huyo saa ya chai.

Hoteli iliyojaribiwa kuchomwa Agosti 4, 2024, ndani yake mkiwa na watu, iko Manvers, karibu na Rotherham. Eneo hilo lilikuwa mgodi wa makaa ya mawe hadi mwaka 1988. Sasa kuna maghala na ofisi za kupokea simu. Ni Yorkshire ileile ambayo wachimbaji wake, Juni 1977, walipanda mabasi kwenda Willesden kusimama na akina mama wa Grunwick.