Kazi ya kwatzi ipo, ila si hiyo

Mwandishi, makala yako inasema jiwe la kwatzi (quartz) likiwekwa chini ya mto wa kulalia linavuta bahati na kuondoa msongo wa mawazo. Anayelipenda alinunue kama pambo, halina ubaya. Ila umeruka kazi linayoifanya kweli. Mimi ni fundi saa. Fungua saa ya ukutani ya bei chee, utakuta kikopo cha chuma kinacholingana na punje ya mchele. Ndani kuna kwatzi iliyochongwa mfano wa uma wa meno mawili. Umeme wa betri unaitetemesha mara 32,768 kwa sekunde, kisha saketi, yaani kijisakiti kidogo cha umeme, inagawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi linabaki pigo moja kwa sekunde. Ndiyo hiyo tiki unayoisikia. Kwamba jiwe hili likibanwa hutoa umeme, walishalionyesha ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Hakuna jini humo. (Na kwatzi ya saa siku hizi hukuzwa kiwandani.)

Wanaoambiwa linaponya wakawaulize wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita. Wao hufuata mkanda wa kwatzi ndani ya mwamba kwa sababu dhahabu hukaa humo, halafu mawe hupondwa makavu. Vumbi lake likiingia kifuani linatia makovu kwenye mapafu, na kifua kikuu kinampata mtu kwa urahisi zaidi. Kumwagia maji wakati wa kuponda kunapunguza vumbi. Hayo nayo ungeyaandika, ndugu yangu.