Sukari Moja Kati ya 150, Eti Yamekaribia

Nimekutana tena na lile tangazo la maziwa ya kopo. Mtoto mnono anacheka, mama anaonekana kashiba usingizi (wapi hao?), na sauti nzito inatutangazia kwamba sasa yameongezwa sukari za maziwa ya mama, kwa hiyo yamekaribia kabisa. Makopo ya aina hii huwa na sukari moja ya kujisifia, mbili, yakijitahidi sana tano au sita. Maziwa ya mama yana zaidi ya 150 zilizokwisha kutambuliwa. Kwa hesabu hiyo hata mimi nimekaribia kuwa rubani, maana nimeshapanda ndege.

Sisemi laktosi. Hiyo ni chakula cha mtoto na ipo tele, kama gramu 70 kwa lita. Nasema oligosakaridi, zile sukari changamano ambazo mtoto hana hata vimeng'enya vya kuzivunja. Mwili wa mama unazitengeneza hata hivyo: gramu 5 hadi 15 katika kila lita, na kwenye dang'a, yale maziwa ya siku za kwanza, zinaweza kupita 20. Ukiacha maji, zinazozizidi kwa wingi ni laktosi na mafuta tu. Mwanamke katoka kujifungua, hana nguvu, halafu mwili wake unahangaika kupika chakula ambacho mwanawe hawezi kukila!

Wanaokila ni bakteria. Mwaka 1899 kule Paris, mwanasayansi Henri Tissier aliwapata bakteria waitwao bifidobakteria kwenye kinyesi cha mtoto anayenyonya. Ikachukua zaidi ya nusu karne hadi Paul György na Richard Kuhn wakaonyesha, miaka ya 1950, kwamba ni sukari hizi ndizo zinazowastawisha. Aina moja, infantis, inazimeza nzima nzima na kuzivunjia ndani ya seli yake. Mabaki yake ni asidi zinazoufanya utumbo wa mtoto kuwa makazi mabaya kwa vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo mama ananyonyesha wawili: mtoto, na walinzi wa mtoto.

Kuna na hili, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Kijidudu kama Campylobacter, ili kimdhuru mtoto, hushika kwanza sukari zilizoota kwenye ukuta wa utumbo. Maziwani zimo sukari zinazofanana na hizo. Kinazishika zile zinazoelea, kinadhani kimefika, kumbe kiko njiani kuelekea kwenye nepi. Nani angebuni ujanja huo?

Sasa turudi kwenye kopo. Sukari inayopigiwa debe zaidi ni 2'-fukosilaktosi. Katika jamii nyingi, karibu mama mmoja kati ya watano haitoi kabisa au anaitoa kwa chembe tu, kwa sababu ya jeni moja, FUT2. Watoto wao wananyonya na wanakua. Maziwa ya hao mama yana mchanganyiko mwingine, na hata ya mama mmoja hubadilika kadiri miezi inavyokwenda. Hakuna fomula moja ya kunakili. Anayeniambia ameikaribia aniambie kwanza ameikaribia ipi.

Haya, nikubali yanayokubalika. Sukari hiyo ya kiwandani, inayozalishwa na bakteria kwenye matangi ya uchachushaji, ni molekuli ile ile ya mama, na afadhali iwemo kuliko isiwemo. Na wako akina mama wasioweza kunyonyesha, kwa ugonjwa, kwa dawa, kwa kazi zisizowapa hata nusu saa. Kopo linawalelea watoto, na anayewasimanga hana adabu. Ugomvi wangu ni na aliyeandika maneno ya tangazo, anayemfanya mama aliyechoka aamini kwamba tofauti iliyobaki ni ndogo.

Tangu 1981 ipo Kanuni ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani inayokataza kutangaza maziwa mbadala kwa umma. Makampuni yanaijua vizuri, ndiyo maana kopo la kwenye tangazo huwa la watoto waliovuka mwaka, lenye rangi zile zile na mchoro ule ule wa kopo la kichanga. Basi kama sayansi wanaipenda kiasi hicho, waandike mbele ya kopo, kwa herufi kubwa kama za jina lao: sukari ngapi zimo, na ngapi hazimo.